Milango ya Mzee Penseli

Mzee Penseli hakupewa jina hilo na mama yake, lakini ukiuliza mtaani kwao jina lake la kweli, watu watakukodolea macho tu. Penseli ya useremala haitoki nyuma ya sikio lake la kulia. Alikwenda nayo harusini, akaenda nayo msibani, na mkewe anaapa kwamba siku moja alilala nayo, asubuhi shuka likaamka na mistari kama daftari. Karakana yake ina mabati juu, maranda mpaka vifundoni chini, na harufu ya gundi ambayo wateja huilalamikia na mafundi hawaisikii tena. Zamani walikuwa kumi na wawili humo ndani. Mwaka ninaousema walibaki wanne: yeye, mpwa wake aliyemlea, mwanamama wa kupiga msasa na vanishi, na rafiki yake wa ujanani ambaye siku hizi anasikia kwa sikio moja.

Na hao wanne walikuwa wanasukuma siku kwa siku, mara kitanda cha kukazwa miguu, mara jeneza. Mpwa ana mke na watoto wawili. Alishamwambia mjomba wake waziwazi kwamba isipopatikana kazi ya maana kabla ya muhula kwisha, anafunga virago, anakwenda jiji kubwa kupakia mizigo ghalani. Mjomba aliendelea kupiga randa. Yeye ndiye aliyemfundisha kushika randa, na akiondoka huyo, karakana imekufa, tusidanganyane.

Ndipo redio ikatangaza kwamba mkoa umeamua: madawati ya shule zake yote yatanunuliwa kwa mafundi wa mkoa huohuo, ili kazi zibaki nyumbani. Wilaya yao peke yake ilihitaji mia nne. Jaza fomu, lete dawati moja la mfano, karatasi ya vipimo hii hapa. Karakana nzima ilichangamka siku hiyo. Yule wa sikio moja aliambiwa mara mbili, na mara zote mbili akafurahi upya.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana balaa lote limeanzia hapa. Mteja akimletea Mzee Penseli kipimo, yeye hukipokea, hushukuru, kisha huenda mwenyewe mahali kitu kitakapokaa akapima upya. Akikuta kosa, hulisahihisha kimyakimya. Hamwambii mteja. Kumwambia mtu mzima kwamba hajui kupima chumba chake mwenyewe ni kumwaibisha, na uliyemwaibisha harudi. Wako watu chungu nzima mtaani pale wanaojisifu kwamba walikadiria kabati kwa macho na likaingia sawasawa. Mungu awazidishie, hawajui lolote.

Basi akaenda shuleni kupima. Milango ya shule ile aliitengeneza yeye, miaka thelathini iliyopita, wazazi walipochangishana mbao na mbao zikapelea, ndiyo maana ikatoka myembamba, sentimita sabini na nane. Madirisha yana nondo. Karatasi ya mkoa ilitaka dawati la watoto watatu, kipande kimoja, upana tisini mbele kwa nyuma, kimo themanini na tano pamoja na egemeo. Ulisimamishe, halipiti mlangoni. Ulilaze ubavu, halipiti vilevile. Mzee Penseli akatabasamu peke yake, akapunguza egemeo sentimita tisa. Dawati likalazwa, likapita. Mjukuu wake wa darasa la pili akalikalia, akaegemea, akasema kwa raha hiyo atasinzia. Kwenye fomu Mzee hakuandika neno juu ya mlango.

Afisa wa ununuzi wa mkoa alikuwa binti mpole, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwa mkorofi tungepata wa kumsema. Alipima dawati mara mbili, akaona limepungua sentimita tisa, akaandika limekataliwa. Mzee Penseli akaanza kueleza habari za mlango, akaeleza kinyumenyume kama mtu asiyezoea kujitetea, mara mbao za miaka ile, mara nondo za madirisha. Binti alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee wangu, nakuelewa," akasema. "Lakini mimi nimetumwa kupima dawati. Mlango haumo kwenye karatasi yangu."

Zabuni ikachukuliwa na kampuni ya mbali, iliyokodi chumba mkoani wiki tatu kabla na kutundika kibao. Kwa kibao hicho ikahesabiwa kuwa ya nyumbani. Na kibao chenyewe hakikutengenezwa hapa, jamani, hata hicho.

Madawati yakaja kwa malori, ya chuma, yamechomelewa vizuri, sitasema uongo, na vipimo vyake ni vilevile vya karatasi. Yakashushwa uwanjani. Walimu wakasukuma, wakalaza, wakageuza, wakavua makoti wakaanza tena. Halikuingia hata moja. Kuyakata hakukuruhusiwa, ni mali ya mkoa, yamepigwa mhuri. Wiki mbili madawati yakaota jua huku watoto wamekaa sakafuni, na mjukuu wa Mzee Penseli akirudi nyumbani kila siku na sketi nyeupe kwa vumbi la sementi.

Kisha mwalimu mkuu akaja karakanani, hajui mikono aiweke wapi. Akasema mkoa umetoa kibali cha kupanua milango yote saba, na umesisitiza kazi apewe fundi wa hapahapa. Ni kazi ya siku tatu. Yaani Mzee Penseli akang'oe fremu alizozitia kwa mikono yake mwenyewe, ili madawati ya watu wengine yapite.

Mpwa akasema hiyo ni dharau, wasiende, madawati yaote kutu hukohuko uwanjani. Mwanamama wa vanishi akamuunga mkono. Damu ilimchemka Mzee Penseli mpaka macho yakawa mekundu, na kila mtu akajua leo atatukana.

"Mtoto anakaa chini kwenye sementi," akasema. "Chukueni nyundo."

Wakaenda. Fremu ziligoma kutoka, miaka thelathini na kiungo hakijalegea hata kimoja, akawa anazigombeza kwa nini zimekuwa imara hivyo. Siku ya tatu mchana dawati la mwisho liliingia. Mpwa akanawa mikono, akamwomba mjomba wake radhi, akasema basi la kwenda jiji kubwa linaondoka saa kumi. Mjomba hakumzuia. Akampa ile randa yake ndogo, na wote wawili walijua kwamba ghalani hakuna mtu anayepiga randa.

Kesho yake binti wa mkoa akaja na fomu nyingine, ya ripoti, inataka sahihi ya fundi. Palikuwa na mstari umechapwa tayari: Mafundi wa eneo waliopatiwa ajira na mradi wa madawati, wanne.

Mzee Penseli akausoma mara mbili. Maisha yake yote alisahihisha makosa ya wateja pasipo wao kujua. Safari hii akaiweka fomu juu ya meza, mbele ya macho ya binti mwenyewe, akatoa penseli sikioni, akakata lile neno "wanne". Juu yake akaandika: siku tatu, na mmoja wetu ameshaondoka.

"Mzee," binti akasema taratibu, "fomu haijazwi kwa penseli."

"Basi nipe kalamu."

Akapewa. Akayaandika yaleyale upya, kwa wino.