Goti Alilolibeba Dada Yangu

Goti langu la kulia ni zima. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia habari ya goti hutarajia kilema, na mimi sina kilema. Nimelitembeza Tunduru, Songea na Mbeya, nimevuka nalo Ruvuma mara nyingi, nimepanda na kushuka milima nikiwa na mzigo begani. Halijawahi kuniangusha. Lakini kila ninapovua suruali na kuliona lile kovu refu la mbele, napandwa na hasira.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Chidya, nikazurura miaka kadhaa, kisha nikarudi Newala kwa dada yangu, upande wa Mnyambe. Ulikuwa msimu wa korosho, na wanunuzi binafsi walikuwa wamejaa. Zamani korosho tuliziuza kwenye ghala la chama cha ushirika, na ghala lile lilikuwa na jukwaa la saruji lililolingana na lori. Mchukuzi aliingia na gunia lake ndani ya lori kama mtu anayeingia sebuleni kwake. Soko lilipofanywa huria, wanunuzi walikuja na mizani yao wakaitundika popote walipotaka, na kupakia wakapakia kwa ubao. Ubao mmoja, umeegemezwa tu kwenye lori, haukuwekewa hata jiwe la kuuzuia. Tena mbiombio, maana lori la mshindani lilikuwa kijiji cha pili.

"Vijana, mnatembea kama maharusi!" karani wao alipiga kelele. "Twende, twende!"

Nilikuwa katikati ya ubao, gunia limekaa shingoni, ubao ukahama. Unyayo wangu wa kulia ulibaki palepale ulipokuwa; mwili na gunia vikageuka upande mwingine. Nilisikia kitu kikikatika ndani ya goti kama muhogo mbichi unapovunjwa. Nilipoanguka nililiona lile jukwaa la ushirika ng'ambo ya barabara, tupu, mbuzi wamelala juu yake. Sijapata kumchukia binadamu kama ninavyouchukia ubao ule.

Nilichechemea zaidi ya mwaka. Goti halikuuma sana, lakini lilinitoka. Nikishuka bondeni, ghafla mfupa wa juu unateleza juu ya wa chini na mimi niko chini. Mwishowe nilipelekwa hospitali moja ya mbali, kwa daktari wa mifupa, mtu mfupi asiyecheka.

"Unalima nini kwenu?" aliniuliza.

"Muhogo, daktari. Na korosho."

"Basi sikiliza. Kano ya katikati ya goti ikikatika hivi haishoneki. Nitachukua ukanda kwenye kano hii ya mbele, niupitishe ndani, niufunge kwenye mifupa. Ni kama kijiti cha muhogo. Siku unayokichomeka kinasimama wima, sivyo? Je, kimeshika?"

"Hakijashika."

"Mwezi wa nne, wa tano baada ya kupasuliwa, uvimbe umekwisha, maumivu hakuna, unatembea. Hapo ndipo watu wanapoyaua magoti yao, kwa sababu wanajiona wamepona. Nataka miezi tisa. Hukimbii, huruki, hugeuki kwa ghafla, hubebi mzigo. Likikatika mara ya pili, mimi sikuahidi kitu."

Nilipasuliwa Januari. Nilirudi Mnyambe na magongo mawili, na dada yangu akalipokea goti kama mtu aliyeletewa mtoto mchanga.

Yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka minane. Mumewe alikuwa mwalimu kutoka bara, mtu mpole aliyezoea kuhamishwa, na mwaka ule alikuwa kituo kingine. Kwa hiyo kazi yote ilikuwa ya dada. Aliniwekea mfuko wa plastiki chini ya kisigino, juu ya sakafu ya saruji, ili niuvute mguu na kuunyoosha bila kukwama. Alijaza mchanga kwenye soksi, akaifunga kwenye kifundo changu, nikawa nainua mguu ulionyooka huku yeye akichambua mboga na kunihesabia. Nikikoma kwenye ishirini anasema, "Daktari alisema thelathini, Mjomba, au mimi ndiye sijui kusikia?" Aliniita Mjomba tangu alipomzaa binti yake wa kwanza. Kwetu watoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba si mgeni wa kuletewa chai tu. Kaka yetu mkubwa alikwisha kufa, kwa hiyo mjomba wa karibu wa watoto wale nilikuwa mimi peke yangu.

Na maji. Asiyekaa kwetu, huku juu uwandani, hajui habari ya maji. Pampu ikiharibika, na iliharibika mwaka ule, maji yako chini bondeni, na njia ni mteremko wa mawe na mchanga. Kabla ya kuumia nilikuwa nikiyaleta mimi kwa baiskeli. Miezi ile dada aliyafuata mwenyewe, asubuhi na jioni, ndoo kichwani, kwa sababu ya goti langu.

Mwezi wa tano nilijiona mzima, kama daktari alivyosema nitakavyojiona. Magongo nilikwisha kuyaweka darini. Nilikuwa natembea hadi uwanjani kuangalia wenzangu wakicheza. Siku moja mpira ulinijia miguuni.

"Mpe huyo mgonjwa!" mmoja akasema. "Akiupiga ataomba nauli ya kurudi hospitali."

Wakacheka. Nikaupiga. Ukaenda vizuri. Nikaingia uwanjani, nikamkimbilia yule mcheshi, nikampita kushoto, na nilipogeuka kumpita tena, goti likateleza. Kidogo tu, kama kitasa kinachogusa na kurudi. Nilikaa chini nikajifanya nacheka, wao wakacheka nami. Nilirudi nyumbani polepole, nikiangalia kila ninapokanyaga.

Usiku goti lilivimba. Nilimwambia dada ni mazoezi, nimezidisha hesabu. Alitazama, akabonyeza kwa vidole viwili juu ya pia ya goti. Akachota maji aliyoyapandisha mwenyewe, akachovya kitambaa, akanikanda siku mbili. Na mimi nililala pale nikamwacha anikande.

Julai ikaja, na Julai kwetu ni unyago. Mpwa wangu, yule binti wa kwanza, alikuwa amefikisha miaka kumi na mmoja, na alikuwa ndani na wenzake watano, wanafundwa. Siku ya kutoka, kila mwali hubebwa mabegani na mtu wa upande wa mama yake, kutoka kwenye uzio wanamofundwa hadi katikati ya kiwanja, watu wakicheza pande zote. Mbebaji hatembei tu. Anacheza naye, anazunguka, anapiga goti moja chini na kuinuka. Mtoto akikosa wa kumbeba, maana yake ukoo wake umekwisha.

Siku tatu kabla, dada alinijia nikiwa nimekaa barazani. Alikuwa na nyakanga, yaani yule mama mtu mzima anayesimamia unyago. Tuliamkiana.

"Mjomba, ngoma ni Jumamosi," dada alisema.

"Dada, miezi tisa haijafika. Ni sita."

"Unatembea."

"Daktari alikataza mzigo."

Nyakanga akaguna. "Mwali ni mzigo? Tangu lini? Goti lako limekuwa yai, mwanangu, tulitafutie kuku alilalie?"

"Mama, sogezeni mbele. Mpaka Oktoba tu."

"Watoto sita wasubiri mguu mmoja! Na Oktoba kuna chakula gani cha kulisha watu?" Akaenda zake, akicheka kwa hasira.

Dada alibaki amesimama. "Nimelibeba goti lako miezi sita," alisema taratibu. "Kila ndoo niliyopandisha nilikuwa nimelibeba. Nakuomba unibebee mwanangu hatua mia."

"Likikatika tena sina goti, Dada. Nitakuwa mzigo wako maisha yote."

"Na kwa mpira? Kwa mpira lilikuwa zima?"

Kumbe alijua. Hapo ndipo ningesema. Ningesema ndiyo, nilicheza kama mjinga, na liliteleza, na tangu siku ile naota linakatika. Lakini nilikuwa nimeshikwa uwongoni, na mtu akishikwa uwongoni hupandisha sauti. Nilimwambia goti ni langu. Nilimwambia hakuna mtu wa kunipangia. Alinitazama kama anayesubiri kitu, halafu akaingia ndani.

Jumamosi nilisimama ukingoni mwa kiwanja na suruali yangu ya mtumba, miguu yote miwili imenyooka. Watano walitoka, mabegani mwa wajomba zao, vigelegele, vumbi, ngoma. Wa sita akabaki mlangoni mwa uzio, amepakwa mafuta, ana shanga mpya, macho ameyainamisha kama alivyofundishwa. Watu wakaanza kugeuza vichwa kunitafuta. Sikusogea.

Ndipo dada alipotoka katikati ya wanawake. Mama wa mwali siku ile kazi yake ni kucheza na kutuzwa, habebi. Alivua kanga yake mpya, akaikunja, akaiweka shingoni, akachuchumaa. Niliona mdomo wake ukisema, panda. Binti akasita, akapanda. Kuinuka kulimshinda mara ya kwanza. Mara ya pili aliinuka, magoti yake yanatetemeka, na akatembea. Hakuzunguka, hakupiga goti. Alihesabu hatua zake kama alivyonihesabia mimi, na alipofika katikati hakuna aliyepiga kigelegele mpaka nyakanga alipoanza.

Nilikuwa na hasira, na sijui jinsi ya kuieleza vizuri. Hasira na yeye, kwa kunifanyia vile mbele ya watu. Na watu ambao jeraha wasiloliona kwao si jeraha. Ningekuwa na plasta nyeupe hadi kiunoni wangeniletea kiti. Na ubao, na karani, na wale mbuzi juu ya jukwaa. Na mimi zaidi.

Oktoba nilirudi kwa daktari. Alinishika mguu, akauvuta mbele na kuusukuma nyuma. "Imeshika," akasema. "Wachache wananisikiliza." Nilimuuliza: kama ningebeba mtoto baada ya miezi sita, ingekatika? Akatafakari. "Huenda. Huenda isingekatika. Hilo hakuna atakayejua." Nilitamani kumpiga. Nilikuwa nimelipia kitu ambacho hakuna atakayejua.

Niliondoka Newala mwezi uleule. Dada hakuniita tena Mjomba; alinitaja kwa jina langu, kama majirani. Nimekaa miji mingi tangu hapo, na kote nimeota harufu ya maganda ya korosho yakiungua, na kila baada ya miaka mitatu minne narudi, nakaa wiki, naondoka.

Mwaka huu nilimkuta bombani. Sasa bomba liko karibu, lakini yeye amezeeka magoti. Akishuka kizingiti anashika ukuta.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba."

Nikashika mkono wa ndoo. Akauvuta. "Acha. Goti lako."

Miaka yote ile ikanipanda kichwani. Nikamwambia palepale, bomba linamwagika: "Dada, siku ile ya mpira liliteleza. Ndiyo sababu niliogopa."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Ni nani aliyekukanda? Goti la mazoezi halivimbi vile."

"Ulijua, na bado ukaniambia nimbebe?"

"Nilitaka useme," alisema. "Ungesema, ningekwenda kwa nyakanga mwenyewe, ningemwambia mdogo wangu ameumia, tutafute mwingine wa ukoo. Palikuwa na vijana kwa mama mdogo. Ukaniambia goti ni lako."

Basi. Kumbe hapakuwa na haja ya kuchagua kati ya goti na mtoto. Angeweza kuniuliza waziwazi mara moja tu, na mimi ningeweza kujibu mara moja tu, na wote wawili tulikaa kimya miaka yote hiyo kwa ukaidi. Nilikasirika hadi masikio yakaniwaka. Nikaivuta ndoo, naye akaivuta, watu wazima wawili wenye mvi, maji yakatumwagikia miguuni hadi yakabaki nusu. Hakuiachia. Tukaibeba hivyo hivyo hadi jikoni, kila mmoja ameshika upande wake.