Chunjua Yangu na Ngariba wa Pujini

Nikiwasikia vijana barazani wanasimuliana aibu zao, kwamba fulani kateleza mbele ya wakwe, fulani kavaa kanzu kinyume siku ya Idi, mimi hucheka kimoyomoyo, maana hao aibu wameionja tu, hawajaila. Mimi niliila sahani nzima, mchana kweupe, kutoka Pujini mpaka Wawi, na leo naisimulia mwenyewe kabla hajaisimulia mwingine akaitia chumvi (ingawa chumvi imo ya kutosha).

Vita vya Wajarumani vya mara ya pili vilikuwa bado. Mimi nilikuwa kijana wa Wawi, nimeposa Time binti Kombo, posa imekubaliwa, harusi inangoja karafuu zianuliwe. Ila nilikuwa na chunjua. Haikuwa mgongoni wala kisogoni mahali pa heshima, ilikuwa puani, kwenye ncha kabisa, kama punje ya mtama iliyosahauliwa na kuku. Nilikuwa nayo tangu utoto na haikuwahi kunisumbua mpaka siku rafiki yangu Makame aliponitazama tukichuma karafuu akasema, "Yakhe Faki, siku ya harusi bibi harusi ataiona chunjua kwanza, weye atakuona baadaye."

Basi usingizi ukanitoka. Nikawa kila penye maji najitazama, kwenye mtungi, kwenye ndoo, hata kwenye birika la msikitini (Mungu anisamehe, watu wanatia udhu mimi natazama pua). Nikamwambia mama, Bi Mchanga, kwamba nataka ikatwe. Mama akasema, "Kama lazima, nenda spitali mjini Chake. Yule daktari Mhindi kamtoa Bi Kijakazi uvimbe wa shingo, na leo Bi Kijakazi anavaa mkufu."

Lilikuwa neno la akili, na mimi nikalikataa. Sababu yenyewe ni benchi. Wagonjwa wa hospitali walikuwa wanangoja nje kwenye benchi refu lililoelekea njia ya sokoni, na kila apitaye hukusalimu, akakuuliza hali, kisha akauliza unaumwa na nini. Niseme nini mimi, mwanamume mzima? Kwamba nimekuja kufanywa mzuri kama mwari? Nikaona bora nife na chunjua yangu.

Makame ndiye aliyenipa shauri la pili. Kule Pujini walikuwa wanatahirisha watoto, na ngariba alikuwa Mzee Haji, ambaye sifa zake zilikuwa zimejaa kisiwa kizima. "Mkono wake mwepesi," Makame akasema. "Kakata watu toka Makangale hadi huku, hakuna hata mmoja aliyelalamika." Nikafikiri, nikaona kweli, kukata ni kukata, na aliyeaminiwa kukata pale atashindwa vipi na pua? Sikuuliza mtu mwingine. Asubuhi nikajifunga kikoi changu cheupe, nikapita njia za mihogoni nisionekane, nikafika.

Kumbi la kutahiria lilikuwa limezungushiwa makuti, ndani wanaume na watoto, nje akina mama wamejipanga na leso zao wakisubiri, kwa sababu desturi ni kwamba mwanamke haingii, lakini kila mtoto akishakatwa wanaume huimba, na wimbo ukisikika wanawake hupiga vigelegele. Nikazunguka nyuma nikapenya. Mzee Haji alikuwa ndiyo kwanza amemaliza mtoto wa mwisho, anafuta kisu chake.

"Shikamoo mzee. Nina haja, ni hii pua."

Akaitazama, akaibonyeza, akasema, "Kaa kinuni."

Palikuwa na kinu kimepinduliwa, ndipo wanapokaa watoto. Nikasema, "Mzee, mimi ni pua tu, naweza hata kusimama."

"Miye nikikata, mtu hukaa kinuni. Sijapata kukata mtu wa kusimama, wala sianzi leo na weye."

Nikakaa. Mara wanaume wawili wakanibana kwa nyuma, mmoja akanifumba macho, ndiyo kazi yao, mikono imezoea. Kisha nikamsikia mzee anauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Nikuachie kiasi gani?" Jamani! Nikafungua mdomo nimwambie aniachie pua yote, na kabla sijasema, kisu kikapita.

Nililia "Mama yangu!" kwa sauti ambayo hakuna mtoto aliyeitoa siku ile. Nikaruka, kinu kikabiringika, nikaanguka na nyonga juu ya jiwe. Na wale wanaume, kwa mazoea tu, wala sidhani walikusudia ubaya, wakapokea wimbo. Huko nje wanawake wakapiga vigelegele, kisha vikakatika ghafla, nikamsikia mmoja anauliza, "Yuno naye wa nani? Watoto si wamekwisha?"

Sasa nitazameni. Pua inachuruzika, nami nimeinama, kwa hiyo damu yote imeangukia mbele ya kikoi. Mzee Haji akaona siwezi kwenda njiani vile, akanipa shuka jeupe, katika yale ya watoto, nikalifunga shingoni kama wanavyofunga wao. Puani kanibandika dawa ya majani. Nyonga inauma, kwa hiyo natembea miguu mbali mbali. Na ili pua isionekane, nikashika shuka kwa mbele nikalinyanyua mpaka usoni. Kwa hiyo akina mama waliokuwa nje waliona mwanamume mwenye ndevu anatoka kumbini, kavaa shuka la mwari, kalinyanyua mbele lisimguse, anatembea kama bata.

Na katikati yao, amekuja kwa ajili ya mjukuu wake, alikuwa Bi Mize, shangazi yake Time.

"Ee Mola wangu," akasema taratibu. "Si Faki yuno? Mkwe wetu?"

Hapo, wenzangu, ningeshusha shuka nikamwonyesha pua, mambo yangekwisha. Lakini nilikuwa nimeshaapa mtu asijue habari ya pua, nami nikakishika kiapo kama mjinga. Nikageuka nikakimbia, na kukimbia miguu imepanuka kukazidi kuthibitisha waliyokuwa wanadhani.

Nilipita tena mihogoni nachechemea, Bi Mize akapita njia kuu. Nilipofika nyumbani nikamkuta Mzee Kombo, baba yake Time, kakaa barazani na wazee wawili, na mwalimu wangu wa chuo cha Kurani kaitwa, na wanawake wamejaa nyuma ya ua kama kuna maulidi. Mzee Kombo hakuitikia salamu yangu.

"Faki," akasema, "miye binti yangu sitamwoza mtu asiyetahiriwa. Wala aliyetahiriwa leo."

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Mwanangu katahiriwa hapa hapa, na ubwabwa mlikula nyinyi!"

"Ubwabwa tuliula, Bi Mchanga," mzee mmoja akajibu, "lakini yeye hatukumwona."

Nilimwona Time ananiponyoka hivi hivi, na nilikuwa nampenda, sioni haya kulisema. Nikashusha shuka, nikabandua majani, nikasema, "Ni pua, wazee wangu, ni chunjua, tazameni!" Wakatazama. Pua imevimba kama pera. Mzee Kombo akatikisa kichwa. "Nani anayekwenda kwa ngariba kwa ajili ya pua?"

Hata mimi nikajiuliza, kweli, nani?

Basi ikapitishwa kwamba lazima niangaliwe. Mwalimu na mzee mmoja wakanipeleka nyuma ya jiko, na yaliyopita huko nawaachieni wenyewe. Ila mwalimu alikuwa na uziwi kidogo, na watu wenye uziwi hudhani wote tunao. Akatoka mbele yangu akasimama katikati ya ua, akatangaza kama anayeadhini, "Alhamdulillahi! Yuko sawa! Na ni wa zamani!"

Vigelegele vilivyopigwa siku ile vilisikika mpaka Chake.

Mzee Kombo alinishika mkono, akaomba radhi huku mabega yanamtikisika kwa kicheko. Lakini pua haikutaka radhi, ilioza. Mwisho nikakaa kwenye benchi lile lile nililolikimbia, pua imekuwa kama kitunguu, na kila apitaye sokoni anauliza, "Faki, ngariba kakosea njia?" Daktari akaniuliza nani kanikata. Nikamwambia. Akaniuliza nilimchagua kwa lipi. Nikamwambia ana sifa kisiwa kizima. Akavua miwani yake akaifuta, kisha akasema maneno ambayo ningependa kila mtu ayachukue: "Ukitafuta wa kukukata, usiulize amekata wangapi. Uliza amekata wapi."

Harusi ilikuwa, na pua yenye shimo. Tulipozoeana na Time, akanihadithia jambo ambalo sikulijua. Siku ile, wakati mimi niko nyuma ya jiko, baba yake alikuwa amemtuma Bi Mize kumuuliza kama avunje posa, na yeye akajibu, "Mwambie baba, ikiwa kweli hajatahiriwa, si ngariba yupo Pujini? Akatwe tu. Miye nitamngoja apone."

Mtu alikuwa tayari kunipokea hata na upungufu ule, na mimi nilimwogopa kwa kitu kisichojaza kucha. Toka hapo nimeapa, na kiapo hiki nakishika kwa akili timamu: kikiota kitu usoni mwangu, wa kwanza kukiona ni Time. Akisema kiachwe, kitaachwa mpaka kizeeke na mimi. Akisema kikatwe, nitakaa kwenye benchi mchana, uso wazi, na atakayepita akaniuliza naumwa na nini, nitamwambia.