Nilivyomjibu Baba yake Ibtisamu

Asubuhi ile tulikwenda duka la dawa watu watatu: mimi, Hajja, na jirani yetu Ibtisamu. Hajja alikuwa mama yake madam wangu, Msudani anayeishi Al Warqa, Dubai, ambako nilifanya kazi za nyumbani tangu nilipotoka Malindi. Madam alinituma nimsindikize mama yake Khartoum majuma mawili, akaione nyumba yake na jamaa zake. Ibtisamu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Aliishi nyumba ya pili na baba yake mjane. Yeye na Hajja walikuwa na kisukari, na dawa yao ya kujidunga ilikuwa moja. Muuza dawa aliwatania kuwa ni mapacha waliopishana miaka arobaini. Tulirudi tukicheka, tukanunua tikiti njiani.

Siku mbili baadaye bunduki zilianza kabla jua halijapanda. Uwanja wa ndege ukafungwa, umeme ukakatika, maji nayo yakafuata. Madam alipiga simu akilia.

"Zuhura, mama yangu nimekukabidhi wewe."

Kisha mtandao ukapotea.

Wiki ya tatu, chupa ya dawa ya Hajja iliisha. Akaanza kuniita kwa jina la binti yake. Kulipopambazuka nilitoka, nikitembea nimebana ukutani. Mwenye duka alikuwa amekimbia, na mlango wa chuma ulikwisha kupindwa na wengine.

Jokofu lilikuwa limezima. Ndani, chupa nne.

Nilizichukua zote. Nilijiambia mbili ni za Ibtisamu.

Risasi zilianza nikiwa katikati ya barabara. Nikakimbia.

"Mwenyewe amekupa?" Hajja aliniuliza. Hakuwa mtu wa kukubali kitu cha wizi, hata angekufa.

"Amenipa."

Nilizifunga chupa kwenye mfuko, nikazitia ndani ya mtungi wa maji zisiharibiwe na joto. Nikahesabu majuma. Vita havikuwa na dalili ya kwisha.

Kesho yake baba yake Ibtisamu alibisha hodi.

"Binti, Ibtisamu hana dawa tangu jana. Mnayo yoyote, hata kidogo?"

Hajja alikuwa amelala.

"Hatuna, baba."

Akatuombea dua, akaondoka.

Ibtisamu alikufa siku ya nne. Njia ya makaburini ilikuwa na wapiganaji, akazikwa uani kwao. Wanawake wengi wa mtaani walikwisha kukimbia, na Hajja hakuweza kusimama, kwa hiyo nilimwosha mimi. Alikuwa mwepesi. Kidole chake cha kati kilikuwa na sugu ya kalamu. Nilipomaliza, baba yake aliniwekea mkono kichwani.

"Mungu akulipe kheri, binti yangu."

Wiki tano baadaye tulipata basi la kwenda bandarini. Chupa mbili zilikuwa hazijafunguliwa.

Dubai, madam alinibusu mikono mbele ya watu. Hajja aliishi mwaka mmoja zaidi, akafa kitandani pake, watoto wake wamemzunguka. Hakuwahi kujua. Baada ya matanga niliacha kazi ile. Sasa naishi Karama, hapa hapa Dubai, chumba kimoja na wenzangu watatu, nasafisha maofisi.

Nimeuliza watu. Shekhe mmoja, Mzanzibari wa siku nyingi hapa, aliniambia kuchukua dawa ili kuokoa roho si dhambi, ila nimtake radhi mwenye duka nikimpata. Nilipomweleza habari ya mlangoni akasema nitubu. Mkenya mwenzangu anayefanya kazi kwa mawakili alisema hakuna mahakama itakayoniita. "Khalas, dada. Sahau." Nakato, Mganda ninayelala naye chumba kimoja, alinikasirikia.

"Kwetu, uliyekabidhiwa ndiye wako kwanza. Angekufa yule mama, madam wako ungemwambia nini?"

Wote walitaka kunipunguzia, kila mmoja kwa alichonacho, dini, sheria, desturi za kwao. Nami niliyapokea maneno yao kwa shukrani. Lakini nakumbuka kwamba siku ile, kabla sijamjibu yule mzee, mkono wangu ulikwisha kuurudisha mlango kidogo, asiuone mtungi. Sikuwa nimewaza kitabu wala sheria. Nilijua tu. Sijui nani alinifundisha, na sidhani kama yupo.

Baba yake Ibtisamu alifanikiwa kufika Misri. Kila Idi alimpigia madam, na kila mara alileta salamu kwa "yule binti aliyemwosha mwanangu." Mwaka jana nilimwomba madam namba yake. Nilimpigia nimesimama nje ya stesheni ya metro, watu wakinipita wakiwahi kazini, nikamweleza yote.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Zilibaki?" akauliza.

"Mbili, baba."

Nilimsikia akivuta pumzi. Akasema, "Nimesikia," akakata simu.

Idi iliyofuata alimpigia madam kama kawaida yake. Salamu kwangu hazikuwamo.