Kisigino Kwenye Banjo ya Yaya Chola

Banjo ya yaya Chola inanuka samaki wa moshi hadi leo. Nikiiweka mapajani, harufu hiyo hunirudisha Kashikishi, mji wetu wa ziwani, miaka ya hamsini, kwenye kibanda ambamo mama alikausha samaki wa kuwauzia wanunuzi wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Kwetu yaya ni dada mkubwa. Sikuwahi kumwita kwa jina tupu, hadi tulipomzika mwaka huu.

Msibani wengi walieleza muziki wake ulikotoka. Jazi ya kwenye santuri, walisema. Kongo, walisema. Upo ukweli hapo. Wachimba migodi waliongoja boti walipiga gitaa ufukweni, naye aliketi karibu akiparua magamba na kutazama vidole vyao. Fundi cherehani wa sokoni alikuwa na gramafoni, na yaya akienda kuchota maji alizunguka makusudi apite pale. Lakini banjo aliiunda mwenyewe: kopo kubwa la bati, ngozi ya mbuzi, nyaya za breki za baiskeli. Nyimbo pia zilikuwa zake, kwa Kibemba, kwa mwendo wa mama akipasua samaki: kisu, kisu, kimya, kisu.

Mzee wa kanisa letu hakupenda. Alikuwa mtu wa ng'ambo ya ziwa, akizungumza nasi Kiswahili cha huko. Binti mwenye banjo, alisema, ni wa kilabu cha pombe. Akamtoa yaya kwenye kwaya, kisha akamzuia mama kushiriki Meza ya Bwana hadi banjo iletwe kwake. Mama alilia huku akipepea moto. Yaya akaificha banjo juu ya kichanja cha samaki, katikati ya moshi, akawa anaipiga kwa kidole gumba tu, chini chini, isisikike nje. Upigaji ule watu waliousifu baadaye ulianzia hapo.

Nilikuwa na miaka saba. Mzee alinikuta mlangoni.

"Wee mutoto, banjo ya yaya yako iko wapi?"

"Iko yulu, baba. Mu moshi."

Hakunitisha, wala hakunipa kitu. Nilifundishwa kusema kweli, nikasema. Tena nilitaka mama aache kulia.

Akaishusha, akaitupa chini mbele ya wanunuzi na kuikanyaga kwa kisigino. Ngozi ikapasuka, bati likabonyea. Yaya aliendelea kupanga samaki mpaka safu ikaisha.

"Umemaliza, baba?"

"Nimemaliza."

"Basi sogea kidogo. Unakanyaga na samaki yetu."

"Ile ni yako sasa, mzee," mnunuzi mmoja akamwambia. "Peleka ku nyumba, wakupikie."

Wakacheka. Mzee akaondoka bila kuaga.

Jumapili iliyofuata mama alirudishwa mezani. Kikombe kabla hakijamfikia, tukasikia banjo chini ya dirisha. Ngozi ilikuwa mpya, bati lilikuwa lile lile, na sasa lilikwaruza kama koo la mtu aliyetoka kulia. Yaya aliimba kwa sauti yote, wimbo wa kiatu kilichoingia jikoni bila kupiga hodi. Mama akainuka, akatoka, akaketi mchangani karibu naye. Nilibaki peke yangu kwenye benchi.

Bonyeo lile yaya hakulinyoosha maisha yake yote. Mtu wa mjini alitaka kumrekodi, kwa sharti kwamba alinyooshe. Yaya alimpa chai, akamwacha aende zake. Mimi hakunilaumu kamwe, ingawa nilingoja lawama hiyo miaka mingi.

Siku ya maziko, mzee wa kanisa wa siku hizi, mdogo kwangu sana, aliniuliza banjo iko wapi, wasije vijana wakaipiga kaburini. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo mtoto wa miaka saba hakulijua: kweli ni yangu pia, na si lazima nimpe kila anayeiomba.

"Najua iko wapi, mwanangu," nikamwambia. "Sikuambii."

Ilikuwa imeviringishwa ndani ya mkeka wangu wa msiba. Udongo ulipokwisha kurudishwa, niliitoa. Sijui kupiga. Nilipiga hivyo hivyo, kwa kidole gumba, mbele yao wote: kisu, kisu, kimya, kisu.