Siku Bendi Mbili Zilipokutana Kipilefti

Nina mashavu makubwa, na simwombi mtu radhi. Utotoni, kule kwetu magharibi mwa Mlima Meru, wenzangu walisema nimeficha maandazi mdomoni. Yeyo wangu, yaani mama, alinifariji kwamba Mungu hatoi kitu kisicho na kazi. Kazi yake niliijua siku nilipoingia bendi ya matarumbeta ya usharika wetu nikapewa tuba, lile dude kubwa la besi ambalo vijana walilikwepa kwa sababu linakula pumzi na halina sifa. Mimi nililipuliza, likaitika mara ya kwanza.

Kwa hiyo nilipohamia mjini, nikapanga chumba Levolosi na kupata kazi ya kushona nguo Kwa Mrombo, nilitaka jambo moja tu: kupiga kwenye bendi ya harusi. Anayeishi Arusha anajua Jumamosi mchana inavyokuwa. Pikapu iliyojaa wapiga matarumbeta inatangulia, gari la maharusi linafuata, na nyuma yao msafara mzima unapiga honi. Maduka yana bongofleva yao, bodaboda wana redio zao, lakini tarumbeta likipita kila mtu anageuza shingo. Harusi isiyo na matarumbeta kwetu ni kama imefanyika kwa siri.

Bendi niliyoitamani iliongozwa na mzee mfupi mwenye tarumbeta lililobonyea, ambaye wote walimwita Mwalimu. Alinikataa bila hata kunisikiliza.

"Jogoo wa shamba hawiki mjini," alisema. "Tena wewe ni mtetea."

Watu wake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nilikasirika, na mimi nikikasirika huwa narudi. Nilirudi wiki iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Mwishowe mpiga tuba wao aling'olewa jino, uso ukamvimba, na harusi ilikuwa kesho yake. Mwalimu akanipigia simu.

"Ni kesho tu," alisema. "Jumamosi ijayo mwenyewe anarudi. Na usituletee ule mwendo wenu wa kanisani. Hapa hatuziki mtu."

Siku hiyo, kabla hatujaondoka, shangazi wa bibi harusi alikuja kukagua pikapu yetu.

"Shikamoo mama," nilimwamkia.

"Marahaba. We dada, unafanya nini humo?"

"Napiga besi, mama."

"Mwanamke? Na mashavu hayo?" Akamgeukia mpiga video. "Huyu asionekane kwenye video ya mwanangu. Umenisikia?"

Nikahamishiwa nyuma ya ngoma kubwa, nimejibanza kwenye ubavu wa gari. Iliniuma sana, sitaki kudanganya. Lakini nilijiambia kwamba masikio hayana kamera, nikapuliza.

Desturi ya mjini ni msafara kuzunguka kipilefti cha mnara wa saa mara tatu. Tulikuwa mzunguko wa pili ilipoingia harusi nyingine na pikapu yake. Hapo kuna sheria ambayo haikuandikwa popote: bendi mbili zikikutana, itakayonyamaza kwanza imeiaibisha harusi yake, na umbea huo utafika ukumbini kabla ya keki. Pikapu zikasimama, zikatazamana. Wapiganapo fahali wawili nyasi huumia, na nyasi siku hiyo zilikuwa magari ya watu yaliyozibwa pande zote. Trafiki alipuliza filimbi mpaka akakata tamaa.

Wenzetu walikuwa wengi kuliko sisi, tena wana dramu mbili. Mwalimu akaona tutawashinda kwa kasi. Akaongeza mwendo, akaongeza tena, mpaka tarumbeta lake likaanza kukwaruza. Halafu likakata. Aliposhusha mkono niliona midomo yake inatoka damu. Waliokuwa wakimfuata wakapotea mmoja mmoja, na upande wa pili wakaanza kushangilia.

"Jamani, mnatutia aibu!" alipiga kelele shangazi, kichwa nje ya dirisha la gari.

Iliyobaki ilikuwa besi peke yake. Mimi sikuwa nimechoka. Nimelelewa na nyimbo za pole pole zinazodai pumzi ndefu, na kifuani bado nilikuwa nayo ya kutosha. Nikafikiri: Jumamosi ijayo sipo hapa, sasa naogopa nini? Nikasimama wima nyuma ya ngoma, nikaanza pambio moja la kina mama ambalo kila aliyelelewa kanisani upande huu wa mlima analijua. Nililipiga kwa mwendo ule ule wa kanisani, bila haraka yoyote.

Wa kwanza kuimba hakuwa wa kwetu. Alikuwa mama mnene wa harusi ya pili, aliyeshuka garini na kitenge chake cha sare, akainua mikono. Wa kwetu nao wakashuka. Milango ikafunguka pande zote, na kina mama wakajaa barabarani wakiimba. Dramu za wenzetu zilijaribu kukimbia, zikashindwa, zikapunguza mwendo. Matarumbeta yao yakafuata. Bendi ile yote ikawa inanifuata mimi! Hata filimbi ya trafiki iliingia kwenye pambio. Maharusi wawili wa kike walishuka wakashikana mikono, wakacheza, shela mabegani. Nililia huku napuliza, jambo ambalo simshauri mtu.

Ndipo nikamwona shangazi anamvuta mpiga video kwa shati.

"Mchukue huyo!" alikuwa anasema. "Mchukue na mashavu yote!"

Jumatatu nilimpelekea Mwalimu tuba yake nyumbani. Midomo ilikuwa imemvimba, anaongea kwa shida. Kabla sijaitua, simu yake ikalia, akaiweka sauti ya juu ili asiisogeze mdomoni. Nikaitambua sauti ya shangazi.

"Mwalimu, nina binti mwingine anaolewa Desemba. Yule dada wa besi atakuwepo? Maana kama hayupo, natafuta bendi nyingine."

Mwalimu aliniangalia nilivyosimama mlangoni na ile tuba.

"Atakuwepo, mama," alisema. "Ndiye mwenyewe."

"Na yule wa jino?" nilimuuliza alipokata simu.

"Atapiga ngoma."

Nikaipandisha tuba begani, nikageuza. Nilirudi Levolosi kwa miguu, napuliza njia nzima.