Watu wa Kijiji cha Baba

Harufu ya nywele zilizoungua kidogo, ikichanganyika na mafuta ya nazi, ndiyo harufu ya utoto wangu. Mama alisuka wateja katika chumba cha mbele cha nyumba kuukuu pale Berea, mtaa wa mji wa ugenini tulikokimbilia, nami nilifanyia kazi za shule sakafuni, katikati ya miguu yao. Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu alitugawia vikaratasi, kila mtoto na mahali pake pa kueleza: ardhi, mito, idadi ya watu. Wenzangu walipata Paris na Cairo. Mimi nikaangukia manispaa ndogo ya mashambani huko Ufilipino, nikanuna siku mbili nzima.

Maktabani nikaacha kununa. Kumbe palikuwa na milima, mashamba ya mpunga yaliyopandana kama ngazi, na vijiji wanavyoviita barangay, kila kimoja na hesabu ya watu wake, hata kile kidogo kabisa cha kule juu. Nilisoma hesabu zile kwa wivu, sioni haya kusema. Kijiji cha baba, katika milima ya Fizi nchini Kongo, sikukiona hata kwenye ramani. Nikaapa kwamba kitabandikwa kwenye ukuta wa darasa letu, ubavuni mwa Ufilipino, pamoja na idadi yake.

Mama aliposikia aliachia msuko. "Batu banahesabiwaka? Njo mbuzi?" Kwao watu hawahesabiwi kama mifugo. Alikubali kunitajia majina tu. Akaanzia mtoni, akapanda nyumba kwa nyumba: iko Mzee Lubunga na bibi yake, iko Asukulu na watoto wake, iko mama Etabo. Niliandika mpaka vidole vikauma. Kwenye nyumba ya mwisho akasema, "Iko baba yako." Kalamu ilisimama. Baba alizikwa kule kabla hatujakimbia, nami nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Nilimtazama mama, alikuwa ameshaurudia msuko wake. Nikamwandika baba.

Mwalimu aliisifu Ufilipino yangu, kisha akasoma orodha ya kijiji chetu, akauliza baba anafanya kazi gani huko. Nikasema amefariki. Akanieleza kwa upole kwamba wanaohesabiwa ni walio hai, niwafute waliokufa. Hapo nikashtuka, maana sikujua ni akina nani. Ile "iko" ya mama ilikuwa imewakusanya wote, walio hai na waliokufa. Jioni nilimuuliza, naye akajibu, "Uliniuliza nani iko kule. Njo nilikuambia." Niliumia kwa ajili yake, na nikakataa katakata kufuta hata jina moja. Mwalimu alikata alama. Karatasi yangu ilikaa ukutani muhula mzima, maana niliipaka gundi ya kutosha.

Siku hizi naishi Cato Manor, mtaa mwingine wa mji uleule, na simu yangu inanionyesha dunia nzima. Wale wa Ufilipino wanaendelea kuhesabiwa. Kijiji cha baba hakionekani bado. Mama amezeeka, na juma lililopita nilimsomea majina yale yote, akiitikia kila moja kwa kichwa. Nilipomaliza ndipo nilipogundua kitu ambacho miaka yote hii sikukiona: mama hakujitaja, wala hakunitaja mimi niliyezaliwa pale pale. Baba yumo. Sisi hatumo. Nimeshakata tiketi ya Fizi, nakwenda kutuandikisha.