Mama wa Kwenye Kibao

Mwaka 2013 nilikuwa nachora vibao vya maduka Kasulu. Redioni nilisikia kwamba wataalamu wa ubongo wanasema mtu hufuata macho ya sura iliyo kwenye tangazo. Basi nikamchorea mzee mmoja muuza vitenge kibao chenye mama anayetazama kulia, nikakipigilia upande wa kulia wa mlango. Kumbe nilikosea upande.

“Fundi, huyu mama yako anawapeleka watu kwa jirani!” mzee akasema.

Nilinywea. Nikajua kazi imeniponyoka. Mtu wa darasa la saba, ubongo naujulia wapi? Lakini yeye alicheka, akaleta nyundo, tukakihamishia upande wa pili. Mama akatazama mlangoni.

“Haya, sasa kachore na cha mdogo wangu Kibondo.”

Nikashusha pumzi. Wateja waliongezeka siku ile, ila ilikuwa siku ya gulio pia, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni macho.